Ukurasa wa Sita wa Muhtasari

Mtaa wa Bondeni,
Nyamokebe, Tarime.
14 Novemba 2023

Kwako Baba Mdogo Kisyeri,

Shikamoo Baba Mdogo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nafuu ya mgongo, Mama Mdogo Nyangi akiwa mzima, na tembo wamewaachia walau nusu ya mahindi hapo Robanda. Mimi mwili haujambo. Najua mmeshaambiwa kwamba Modesta wenu amegombana na wakubwa zake, na ujumbe wako wa kunitaka niombe radhi nimeupata. Sitaomba, Baba Mdogo. Nakuomba unisikilize kwanza.

Kazi yangu hapa makao makuu ya halmashauri ni kuandika mihtasari ya vikao. Kila baada ya miezi mitatu madiwani wa kata zote hukutana, hubishana, hupiga kura, nami naandika. Makelele yote ya ukumbini huishia ukumbini. Mkurugenzi na wataalamu wake wanatekeleza kile kilichoandikwa tu.

Katika kikao cha Julai kulikuwa na hoja ya kile kiwanja cha wazi cha Bondeni kilichotengwa kwa ajili ya zahanati. Kamati ya mipango miji ilitaka kipimwe viwanja vya biashara. Mheshimiwa Eunice, diwani wetu, alipinga. Alieleza jinsi mama mmoja wa kata yake alivyojifungulia kwenye pikipiki akienda hospitali. Kura zikapigwa: kumi na wanne walisema zahanati ibaki, tisa walikataa. Niliihesabu mikono mwenyewe na kuandika.

Baada ya wiki moja mkuu wangu wa kitengo, Bwana Revocatus, alinirudishia rasimu. Ukurasa wa sita ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake ameandika kwamba baraza limeridhia eneo lipimwe viwanja. Nilimwambia baraza halikusema hivyo. Akacheka, akasema ni sentensi moja tu, na kwamba madiwani hawasomi makabrasha. Wanasaini, wanakwenda kula. Nikarudi mezani nikachapa nilichokisikia, nikampelekea vilevile.

Kikao cha Oktoba kilipoanza niligawiwa kabrasha kama watu wengine. Nikafungua ukurasa wa sita. Sentensi ya Bwana Revocatus ilikuwa pale, imechapwa vizuri, na chini yake jina langu kama mwandishi!

Mwenyekiti aliuliza kama wajumbe wanathibitisha kuwa muhtasari ni sahihi. Mikono ilikuwa imeanza kunyooshwa. Mtumishi wa cheo changu haruhusiwi kusema barazani, Baba Mdogo, labda Mkurugenzi amwite. Hakuna aliyeniita. Nilisimama nikasema, “Mheshimiwa Mwenyekiti, huu sio muhtasari nilioandika.”

Aliniamuru nikae. Sikukaa. Nilifungua daftari langu nikasoma ile hesabu ya kura, kumi na nne kwa tisa. Hapo Mheshimiwa Eunice akasimama, akasema hata yeye anakumbuka idadi hiyo, na wenzake wakaanza kufunua kurasa kwa fujo. Muhtasari ukasahihishwa hapohapo, mbele ya wananchi waliokuja kusikiliza. Zahanati imebaki.

Jioni ile Bwana Revocatus aliniuliza najiona nani. Nikamjibu mimi ndiye mwandishi. Kesho yake nilipewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Nimejieleza kwa mstari mmoja: niliandika kilichosemwa. Wakinifukuza, wanifukuze kwa hilo.

Sasa, Baba Mdogo, nifike kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Miaka minne iliyopita nilipokuwa mtendaji wa mtaa, uliniuliza ni nani aliyeandika kwamba mkutano wa mtaa ulikubali mashamba ya pembeni mwa mji yaingizwe kwenye mpango wa stendi. Nikakwambia sijui, karatasi zilitoka juu. Nilikudanganya. Ni mimi. Wewe na wenzako mlikataa, nilikuwepo, niliwasikia. Nikaitwa ofisini nikaambiwa niandike kuwa mmeridhia kwa kauli moja, nikaandika. Mwezi uliofuata nikapandishwa hadi makao makuu. Shamba lako liliondoka kwa mwandiko wangu, mimi uliyenilipia ada baba alipofariki, na ndiyo maana leo unalima kwa wakwe zako.

Siandiki haya ili unionee huruma. Daftari la mkutano ule ninalo, lina majina ya wote mliokataa. Nimeandika maelezo yangu, nikayaapia mbele ya wakili. Ukitaka kwenda mahakamani nitasimama kama shahidi wako, hata kama wa kwanza kushtakiwa nitakuwa mimi. Usipotaka, nitayapeleka kwa Mheshimiwa Eunice ayasome barazani.

Jumamosi ninakuja Robanda. Nataka kuyasema haya mbele yako na Mama Mdogo kwa mdomo wangu. Ukinifungia mlango nitayasema nikiwa nje, majirani wasikie.

Msalimie sana Mama Mdogo, shangazi Christina na wote wanaoniulizia. Mungu awalinde.

Ni mimi binti yako,
Modesta Nchagwa