Namba ya Baba kwenye Fomu

Shangazi,

Shikamoo. Mwaka huu nami ni mshauri wa wanafunzi wenzangu. Nimekabidhiwa wageni sita, niwaonyeshe maktaba na zahanati, niwabembeleze wakikumbuka kwao.

Mmoja akicheka huziba mdomo kwa mkono, vilevile kama wewe. Nilidhani ni macho yangu tu, mpaka nilipokusanya fomu. Penye mtu wa kupigiwa simu akiugua ameandika "baba", na namba ni ya baba yangu.

Sijamwambia kitu. Nimemtafutia godoro lisilobonyea. Jana kaniuliza, "Dada, kwenu mko wangapi?" Nikajibu nitauliza. Akacheka, mkono mdomoni.

Basi nauliza, Shangazi. Tuko wangapi?

Ni mimi,
mtoto wa pekee wa kaka yako, kama mlivyoniambia.