Usilipie Karavani Kubwa

Baba Nyamoita,

Ugali nimeufunika, omena ziko kwenye sufuria ndogo. Nyamoita anywe dawa kabla ya kutoka nje.

Tafadhali usilipie karavani kubwa ya yule Mzungu wa Rongo, hata kama gari letu litaweza kuivuta. Asubuhi, wewe na baba yako mlipokuwa mkikagua magurudumu, niliingia ndani nikajilaza kitandani nione kama urefu unatosha. Nilipofumbua macho, baba yako alikuwa mlangoni. Mke wa mwanawe, chali mbele yake! Alijifunika uso kwa kofia akatoka. Nawe njiani unaniuliza, "Mama Nyamoita, umechoka?"

Mle vitanda vyote vinatazamana. Mimi na elimu yangu ya chuo niliwaza jiko na mapazia, nikasahau chinsoni, ile heshima inayokataza mkwe na mke wa mwanawe kuonana kitandani. Sasa baba yako amesema hatakwenda nasi likizo Homa Bay.

~~Naenda kwetu mpaka likizo iishe.~~ Naenda kwa mama yako aniombee radhi. Tuchukue ile karavani yake ndogo ya kitanda kimoja. Wazee walale ndani, sisi tulale kwenye hema.

Baba akija usicheke. Mpe chai wewe. Mimi nitapitia mlango wa jikoni mpaka akubali kwenda.

Mama Nyamoita