Kiraka cha Mkonge Mguuni mwa Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo watafiti wanamsubiri mume wangu hospitalini na baba mkwe amemkataza kwenda.

Mimi ni mzaliwa wa Zombo, nimeolewa Mikumi, nauza chakula yanapoegeshwa malori. Mume wangu Frank aliungua mguu mwezi Januari walipokuwa wakichoma shamba la miwa kule Kidodi kabla ya kukata, na kidonda kiligoma kupona mpaka watafiti walipomwekea kiraka kilichotengenezwa kwa jani la mkonge, yaani wanalisafisha jani mpaka ukijani wote unatoka, unabaki wavu mweupe ambao nyama ya mtu inajishika humo na kuota, na kweli ilianza kuota, nikashukuru.

Tarehe 9 Machi niliandika kwenye shajara yangu kwamba Frank akikaa uani anaugeuza mguu kulifuata jua, hata akiwa amesinzia, na nilipomuuliza alisema, "Mguu gani?" Kisha akaanza kuimba Kinyakyusa, lugha asiyoijua, lugha ya marehemu babu yake, Mzee Lupakisyo, aliyekuja Kilosa kukata mkonge akazikwa hukohuko shambani. Baba mkwe, Mzee Gabrieli, alipousikia wimbo ule aliketi chini, akatuambia kwamba majani ya watafiti aliwakatia yeye, na kwa kuwa mkonge wa zamani umeng'olewa kote, aliyakata makaburini, kwenye mstari unaozunguka kaburi la baba yake.

Jumapili mchana, mbele yangu na wifi yangu Joyce, baba mkwe aliinama akaushika ule mguu, akasema, "Shikamoo, baba." Frank akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mbona mmenikata?" Joyce akajaribu utani, "Kaka, leo umepanda cheo," lakini hakuna aliyecheka, naye akaondoka bila kuaga.

Sasa baba mkwe anasema daktari hatakigusa kiraka, baba yake hatakatwa mara ya pili, lakini mimi ndiye ninayemwogesha, naona mguu umevimba, una joto, unatoa harufu ya majani yaliyooza, na Frank ananiita mkwe. Nikimpeleka nitakuwa nimeivunjia heshima familia, nisipompeleka naogopa atakufa. Nifanye nini?

Yusrah, Mikumi

Dada Yusrah,

Pole sana. Namba uliyoacha niliipiga ili usingoje gazeti. Alipokea mwanamume mwenye sauti nzito, akasema watu wote wameenda kwenye mkonge, akakata simu. Kwa hiyo nakujibu hapa.

Kwanza nikugombeze. Uvimbe umeuona, joto umelisikia, harufu umeinusa, halafu unakaa kuandika tarehe? Kidonda kikioza huleta homa, na homa humfanya mtu aseme mengi. Wimbo huenda aliusikia kwa wazee akiwa mtoto. Kuhusu mguu kufuata jua sina jibu, na sitajifanya ninalo.

Usibishane na baba mkwe juu ya nani yumo mguuni, utashindwa na muda utapotea. Piga goti kama kawaida yenu, umwambie, "Baba, kama ni babu, basi babu anaumwa, na anaumwa mikononi mwetu." Aende naye hospitali, na awaeleze watafiti kwa mdomo wake majani yalikotoka. Nao waliyachukua bila kuuliza, wana la kujibu. Daktari akikitoa kiraka, baba mkwe akiombe, akakizike pale alipokata. Hilo ni haki yake, na wewe usilicheke. Lakini haki ya kuuacha mguu uoze hana.

Alhamisi ni mbali. Ukimaliza kusoma hapa, kunja gazeti, ita bajaji, kisha mwite mumeo kwa jina lake. Akiitika, mpandishe. Asipoitika, mpandishe vilevile.