Gari la Toader Kwenye Kona ya Mbao

Kwa mjukuu wangu Ilarie,

Huna haya. Baridi tatu zimepita hujakanyaga kijijini kwetu Măgura, na kila mwaka unaniambia njia imefungwa na theluji, kana kwamba theluji ilianza kuanguka huku baada ya wewe kuhamia Italia.

U mzima lakini? Unakula? Kwenye simu nasikia sauti yako imekonda. Mimi sijambo, ila goti na moyo, na hivyo viwili tumeshazoeana. Ng'ombe amezaa ndama jike. Barua hii naisema mimi, anaiandika Veturia wa posta, na nimemkataza kurembesha. Simu sikutaka, kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Najua Tiberiu amekupigia. Huyu mtoto wa dada yangu hajawahi kukaa na neno tumboni. Amekwambia bibi yako amechanganyikiwa, amegawa gari ulilomnunulia. Kaa chini basi nikueleze tangu mwanzo, maana kuchanganyikiwa nilichanganyikiwa kweli, ila si pale anapodhani yeye.

Uliponiambia nichague gari litakalofika huku juu wakati wa barafu, ili yasinikute yaliyomkuta babu yako, nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Unayakumbuka yaliyomkuta. Gari la zahanati lilifika kwenye kona ya kiwanda cha mbao, magurudumu yakazunguka palepale, likarudi kinyumenyume. Muuguzi Domnica akateremka, akapanda kwa miguu, theluji mapajani, begi mgongoni. Alipoingia, Toader wangu alikuwa ameshapoa. Kwa hiyo nilichotaka ni kimoja tu, kitu kitakachoipita ile kona.

Nikamwita fundi Gavril. Akasema nichukue la zamani, lile la watu wa msituni. Siku zote linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukifika pabaya unavuta mkono wa pili kando ya gia, na ya mbele nayo yanaamka. Ila kwanza ushuke kwenye theluji uzungushe kwa vidole vitovu, zile swichi za katikati ya magurudumu ya mbele, la sivyo yanaendelea kulala. Nikamuuliza ni gari gani hili la kuamshwa mguu mmoja mmoja kama mlevi.

Tiberiu alicheka mpaka akakohoa. Akasema mama mkubwa, enzi za kushuka zimepita, chukua jipya linalovuta yote manne muda wote, lenyewe linahisi gurudumu lipi linateleza na linapeleka nguvu kwingine. Linafikiri. Nikamwambia kama linafikiri lijichague lenyewe, mimi nikakamue ng'ombe. Gavril akasema kweli linafikiri, ila likimaliza kufikiri limeshafika mtaroni. Tiberiu akamrudishia kuwa wazee husahau ule mkono umevutwa, wanakwenda nao hivyohivyo kwenye lami kavu mpaka kitu kinakatika huko chini.

Kila aliyefungua mdomo nilimwona ana haki. Nilikuwa nalala na la mkono, naamka na linalofikiri. Nikawauliza, je, linalovuta yote manne linasimama upesi zaidi kwenye barafu? Gavril akajikuna kisogo, akasema hapana, mama Safta, kusimama magari yote yanasimama sawa. Hapo ndipo kichwa kilipovurugika kabisa. Wiki nzima wanagombana mbele yangu, kumbe wote wanazungumzia kupanda tu, kushuka kila mtu na Mungu wake.

Nikasema yaletwe yote mawili kwenye kona, nitazame kwa macho yangu. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili, chini yake barafu. Nikakaa juu ya rundo la mbao na blanketi la farasi. Linalofikiri likatangulia. Lilipanda vizuri mpaka katikati, halafu taa zikaanza kuwaka mbele ya Tiberiu kama mti wa Krismasi, gurudumu moja la mbele likazunguka, moja la nyuma likazunguka, na gari lote likarudi ubavu ubavu mpaka miguuni pangu. Gavril akamwambia liache lifikirie kidogo. Kisha akapanda yeye na la mkono, kwa maringo, nalo likateleza vilevile, kwa sababu alisahau kushuka kuzungusha vitovu. Sijawahi kumwona Tiberiu akifurahi hivyo tangu abatizwe. Gavril akashuka, akazungusha, akatia gia ile nzito ya mwendo wa konokono, na gari likapanda kona taratibu kama ng'ombe anayefuata chumvi.

Ungedhani sasa nimepata jibu. Nilizidi kupotea. Gari linalopanda ni lile linalotaka mtu wa kushuka kwenye theluji na vidole vizima, na vyangu unavijua, hata kifuniko cha mtungi wa kabichi chachu naomba mtu anifungulie, si kwa kupenda. Ninaloliweza mimi halipandi, linalopanda siliwezi. Nikachukua la mkono. Tiberiu akaniuliza nani atakuendesha, nikamwambia atapatikana.

Ikafika Jumamosi ya Wafu, kabla ya Kwaresima. Tulikuwa uani kwa kanisa na ngano yetu tamu, kila mtu akimgawia jirani kwa ajili ya marehemu wake. Nikamwita Domnica anisogezee gari, lilikuwa limeziba lango. Nikampa ufunguo. Lakini mkononi mlimokuwa na ufunguo mlikuwa na mkate pia, na mshumaa unawaka, na mdomo wangu ukasema ni kwa roho ya Toader. Domnica kwa mazoea akajibu Mungu apokee. Padri alikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Unajua kilichotolewa hivyo hakirudi. Marehemu anakipata kule, na ukikidai huku, unamnyang'anya yeye. Tiberiu akapiga kelele kuwa bibi kizee hajui anachofanya, padri akashika ndevu, Domnica akasimama na mkate na ufunguo, machozi yanamtoka, anasema hataki, mama Safta amekosea mkono tu. Nikawaacha waseme nimekosea. Nilirudi nyumbani nikakamua ng'ombe.

Sasa sikiliza, na wewe Veturia andika kama ninavyosema. Sikukosea. Nilifanya mazoezi jikoni siku tatu, ufunguo, mkate, mshumaa, maana vidole hivi huangusha. Muulize Gavril kwa nini asubuhi ile nilimlazimisha azungushe vitovu, wakati njia ya kanisani ilikuwa imefagiliwa. Nilitaka babu yako alipokee likiwa tayari, asishuke na mapafu yale. La kufikiri nisingempa. Mtu aliyeendesha trekta la magogo miaka thelathini wangegombana siku ya kwanza.

Na kuna hili, hata padri hajalisikia. Tunailaumu ile kona, na mimi nimewaacha muilaumu. Babu yako aliniomba nimwite Domnica Jumatatu. Jumatatu njia ilikuwa kavu, Ilarie. Nilimwambia ni kikohozi, nikampaka mafuta ya nguruwe kifuani, nikamwambia aache udeko. Theluji ilianza Jumatano. Gari lolote lingefika Jumatatu. Hata baiskeli. Sasa ningekaaje ndani ya hilo gari, nikapelekwa kwa daktari kama malkia, nikaipita ile kona?

Domnica analo. Ana vidole vizima na vitongoji sita. Alhamisi hupanda kunipima moyo, na wiki jana alimteremsha mke wa Gavril akajifungue, mtoto wa kiume, mkubwa, mbaya wa sura kama baba yake. Kama umekasirika, kasirika, lakini usimwandikie yeye. Niandikie mimi. Bado sijui kama kule aliko Toader kuna theluji au lami kavu, na kama ni lami, basi vile vitovu nimemharibia. Padri anasema vitabuni hakuna jibu.

Salamu kwa mkeo, mwambie soksi za sufu ziko tayari. Wabusu watoto machoni. Mungu akulinde na barabara za huko.

Ni mimi bibi yako,
Safta

Veturia alishakunja karatasi, nimemwambia aikunjue. Ukija Pasaka, usikodi gari, shukia darajani umsubiri Domnica. Kwenye kona, kukiwa na barafu, shuka wewe uzungushe vitovu, yeye mgongo unamuuma. Kisha rudi ukae nyuma na begi lake. Kiti cha mbele kina mwenyewe.