Mfuko Hauzuii Swala

Maskati

Baba yangu, shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute bado uko mjini, mtaa wa Picha ya Ndege, kwa dada Mwajuma, hujarudi kijijini kwetu Masaki. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia tangu dada anipigie simu.

Kumbe ile damu tuliyoiita bawasiri, ukanywa mizizi msimu mzima wa korosho, ni saratani ya utumbo mpana! Nimelia, baba. Dada anasema daktari amekupima moyo na mapafu, akasema uzee peke yake si sababu ya kukuacha. Ule vizuri upate nguvu, upasuliwe, uwekewe mfuko wa choo tumboni. Wewe ndiye umegoma. "Mtu mzima nitembee na mfuko wa mavi ubavuni, nitasimamaje msikitini? Nirudisheni kwenye mikorosho yangu." Hata bila kuambiwa ningejua ni maneno yako.

Sasa nisikilize. Huyu mzee ninayemhudumia huku, baba wa tajiri wangu, amekuzidi umri. Naye alipasuliwa utumbo, ana mfuko huo huo tumboni. Kuumwaga ni mimi, kuubadilisha ni mimi. Mwanzoni kinyaa kilinishika, chakula hakipiti. Siku hizi tunataniana tu. Kila wakati wa swala ukiingia anatia udhu upya, namshika mkono, tunakwenda. Imamu wao alimwambia mwenye udhuru hafukuzwi msikitini. Mfuko umo ndani ya kanzu, wala jirani yake kwenye safu hajui. Usiniamini mimi, muulize shehe wetu wa Masaki.

Sikudanganyi, baba: wapo wazee wanaopasuliwa wasiamke. Naogopa hilo kuliko wewe. Lakini utumbo ukiziba kabisa, huko shamba nani atakusaidia?

Msalimie sana mama, mwambie hata ukinuna, akupikie tu. Dada Mwajuma nampa pole ya kuuguza. Shemeji anayekupeleka hospitali kwa pikipiki yake, Mungu amlipe. Msalimie na bibi shangazi, aache kulia mbele yako.

Siku zote unasema ukifa, mimi ndiye nikuoshe. Nitakuosha, baba, ni haki yako. Ila nimeomba likizo nije sasa, nikuoshe ukiwa hai, unifokee kwamba maji ni ya baridi. Kubali.

Mwanao,
Selemani