Mto Ambao Haumo Kitabuni

Élisabethville, Jumapili, baada ya misa.

Baridi ya mwezi wa sita imeingia kweli. Nimeivuta imbabula, jiko letu la makaa, karibu na miguu, moto umebaki kidogo, na binti yangu Roza nimempeleka kwa shangazi yake ili niandike bila kuulizwa maswali. Baba yake yuko nje, anajifanya anatengeneza baiskeli. Baiskeli ile haina ubaya wowote.

Mimi ni mtu wa mashaka, najijua. Nikinunua makaa naingiza mkono mpaka chini ya gunia nione kama hawakujaza vumbi. Masista walionifundisha kuandika kule kaskazini waliposifu mwandiko wangu, niligeuka nione wanamsifu nani nyuma yangu. Baba Roza husema hata padri akinipa baraka nitaipima kwanza.

Lakini kitabu sikukitilia shaka. Hilo ndilo linaloniuma.

Kila jioni tukishakula, Baba Roza huketi karibu na taa na kitabu cha Kifaransa alichokinunua mjini, akanisomea kwa Kiswahili. Kifaransa changu mimi ni kile cha foyer social, wanapotufundisha wanawake kushona: maneno ya nyumbani, salamu, basi. Yeye ni karani wa Mgiriki anayenunua samaki, na lugha anaijua. Kitabu kinaeleza habari za baharia katika nchi ya theluji.

Sijui niiseme vipi raha niliyoipata. Kule ziwa linaganda mpaka farasi wanapita juu yake, na wanawake wanatoboa barafu ili wapate maji ya kufulia. Mimi ambaye upande wa wazungu hapa mjini naingia kwa haja tu, na kutoka kabla ya giza, kule nilitembea nipendavyo, wala hakuna aliyeniuliza karatasi ya ruhusa. Najua duka la mikate liko upande gani wa kanisa. Nikienda bombani asubuhi nilikuwa natazama kwanza kama maji yameganda, halafu najicheka mwenyewe.

Halafu majuma ya karibuni baharia akahama. Akateremka mpaka kwenye mto mpana, akakutana na mwanamke anayekausha samaki, mjane, mcheshi, mwenye mwanya. Nilimpenda yule mwanamke kuliko watu wote wa kitabu. Akiuziwa chumvi mbovu anairudisha, na muuzaji anaomba radhi. Uchungu wa kumzaa mtoto wa baharia ulipomkamata siku ya mvua, bila mkunga, nililia, nikamkataza Baba Roza kuishia hapo. Akaendelea. Mtoto wa kiume akazaliwa salama, nami nikalala nimefurahi kama ni wa dada yangu.

Kilichoniamsha ni nzi.

Siku moja mwanamke alikuwa anapunga nzi kwenye samaki wake. Nikauliza: nzi, kwenye theluji? Baba Roza akasema kule sasa ni wakati wa joto. Sawa, nikakubali. Lakini tangu hapo nikaacha kusikiliza, nikawa namwangalia yeye. Zamani alikuwa anakwama, anatafuta neno, anakuna kichwa, ananiambia subiri. Sasa maneno yalikuwa yanamtoka bila taabu. Macho yake yametulia mahali pamoja kwenye ukurasa. Na wale samaki walikuwa wanaanikwa juu ya matete, kama wanavyoanikwa Kasenga ukingoni mwa mto, anakokwenda kila mwezi na lori la Mgiriki.

Jana, alipokuwa kazini, nilikitoa kitabu sandukuni.

Vitabu hivi vya Kifaransa vinauzwa kurasa zikiwa bado zimeshikana ukingoni, na msomaji huzikata mwenyewe kwa kisu kadiri anavyosonga mbele. Za mwanzo zilikuwa zimekatwa vizuri, kwa mkono wake mtulivu. Kufika katikati, zimeshikana. Zote, mpaka jalada. Hakuna mtu aliyewahi kuzifungua.

Nilichukua kisu cha mboga nikazikata moja moja. Kisha nikapita na kidole, nikitafuta maneno machache niliyofundishwa na mengine niliyoyaokota kwa Baba Roza: mto, samaki, mtoto. Theluji niliipata. Meli niliipata. Kwa jinsi nilivyoona, baharia hakuhama kamwe, amekaa kwenye barafu yake mpaka mwisho. Maji ya kusongea bukari yalikauka jikoni, sufuria ikaungua.

Jioni tulikula. Alipokifungua kitabu aliziona zile kingo nilizozichana ovyo.

« Ni nani alikata hii buku? »

« Ni miye. »

« Na ulisoma? »

« Nilisoma kidogo. Muto haiko. Ule bibi wa samaki haiko. Na mutoto haiko. »

Alikifunga, akakiweka magotini.

« Mutoto iko, Mama Roza, » akasema. « Iko Kasenga. »

« Jina yake nani? »

« Kasongo. »

Kasongo ni jina la baba mkwe wangu. Tulikuwa tumemwekea mtoto wetu wa kiume, ambaye hajaja tangu Roza azaliwe. Niliinuka nikaosha vyombo ambavyo Roza alikuwa ameshaviosha.

Leo misani sikusikia hata neno moja la padri. Nilikuwa nawaza kwa nini alinisomea. Labda alikuwa ananizoesha, kama mtoto anavyofichiwa kwinini ndani ya ndizi. Labda alishindwa kuibeba siri peke yake. Nina hasira mpaka mwandiko huu ambao masista waliusifu umepinda.

Na nina aibu pia, maana sehemu tamu kuliko zote za kitabu kile ni hiyo aliyoitoa kichwani mwake.

Tangu asubuhi najaribu kumchukia yule mwanamke, na siwezi. Nikimwita mwizi, namwona anarudisha chumvi mbovu. Nilikaa naye siku ya uchungu wake. Nitamtukanaje mtu niliyemwombea ajifungue salama?

Huenda hilo ndilo alilolitaka mume wangu. Huenda amempamba ili nisije kumrukia. Labda hana mwanya, hana ucheshi, si mjane. Sasa hata huruma yangu mwenyewe siiamini.

Tulipokuwa tunatoka kanisani nilimwambia Jumanne lori likienda, nami napanda.

« Utaenda kufanya nini kule? »

« Kuona. »

Akasema barabara ni mbaya, na baridi ya juu ya lori ni kali. Nikamwambia nimeshatembea kwenye barafu, hiyo haitanishinda. Hakucheka.

Kasenga sijafika maishani mwangu. Nitamtazama mtoto, yeye hana kosa. Nitamtazama mama yake, na tutakayoambiana tutayajua hapo hapo. Lakini kabla ya yote nitateremka ukingoni alfajiri. Baba Roza alinisomea kwamba saa hiyo ukungu umelala juu ya maji, na makasia yanasikika kabla mtumbwi haujaonekana. Hilo alilisema vizuri kuliko yote. Mtoto nitamzoea, najua. Ila kama na ule ukungu ni uongo, sijui nitarudije kuketi naye karibu na taa.