Mashine Imeshuka Sauti

3 Machi
Mama mpenzi,
Shikamoo. Vipi mgongo? Mimi mzima, ila kichwa kimechoka. Miezi minne sasa mwalimu anabonyeza kinanda, mimi nimempa kisogo, natakiwa nitaje noti. Nakaza masikio mpaka meno yanauma, na bado nabahatisha! Nikianguka mtihani wa tarehe 27, naondolewa chuo cha muziki.
Bintiyo

9 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Mgongo ni ule ule. Sasa nisikilize, maana umenichosha. Umelala nyuma ya mashine yangu ya kusaga tangu unanyonya. Ikiwashwa unasinzia, ikizimwa unaamka unalia. Nani alikufundisha? Acha kukaza masikio kama unabeba gunia. Nimekurekodia mashine kwenye simu. Iwashe ukiwa unafua, uisahau.
Mama

15 Machi
Mama,
Shikamoo. Nilikuwa nasuuza shuka, ikanijia yenyewe: mashine yako inalia noti ya Sol. Sikuitafuta! Tangu hapo noti nyingine nazisikia zilivyo juu yake au chini yake, na napatia. Lakini jana uliponipigia kutoka kazini, mashine ilikuwa chini ya Sol. Kuna kitu kinaivuta. Izime, mwite fundi aangalie mkanda.
Bintiyo

18 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Sijambo. Miaka ishirini na mbili nasaga unga, leo wewe ndiye wa kunifundisha mashine yangu? Simu ndiyo mbovu. Soma, uniache.
Mama

20 Machi
Mama,
Shikamoo. Simu ni hiyo hiyo iliyonirekodia Sol! Utaniua kwa ubishi wako. Haya, usimwite fundi. Ila usisimame upande wa mkanda. Hilo tu, Mama, nakuomba. Naogopa.
Bintiyo

2 Aprili
Mwanangu,
Marahaba ya shikamoo zako zote. Hongera kwa kufaulu, siku niliyopata habari nilifurahi mpaka nikafunga kazi mapema.
Naandika kwa mkono wa kulia, uone kwamba ninao. Jumatatu mkanda ulikatika, ukachapa ukuta pale pale ninaposimama siku zote. Plasta ikadondoka. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimenuna, nakusema kwa kunihamisha kwenye nafasi yangu. Nisamehe.
Fundi anakuja Jumamosi na mkanda mpya. Najua atasema tayari, na atataka kuondoka. Haondoki. Saa nne asubuhi shika simu, usinisalimie, sikiliza tu kama ni Sol.
Mama